Mwaka wa tatu nafundisha Kiingereza Lubumbashi: mchana unajiendesha wenyewe, kazi iko jioni

Ticha wa Lushi

Wakuu salaam. Kuna watu kama sita wamenifuata kwenye meseji za pembeni wanauliza maisha ya kufundisha Kiingereza huku Kongo yakoje, nafasi zipo au hazipo, nikaona badala ya kumjibu kila mtu kivyake niandike hapa wote wasome. Mimi Mtanzania, nimesomea ualimu, masomo yangu Kiingereza na Kiswahili. Huu ni mwaka wa tatu nipo Lubumbashi. Asubuhi nafundisha sekondari moja ya binafsi, halafu siku tatu kwa wiki jioni nafundisha watu wazima. Shule siitaji jina, msiniulize.

Mshahara nao siuzungumzii sana. Mshahara mtu anapatana nao kabla hajapanda basi, ukikubali umekubali. Ninachotaka kusema ni kingine. Tangu nifike nimeona walimu wa kigeni wanne wamerudi kwao kabla mkataba haujaisha, Wakenya wawili, Mzambia mmoja na Mtanzania mwenzangu, na hakuna hata mmoja aliyeshindwa darasani. Walishindwa saa kumi na mbili jioni. Umesharudi, umevua viatu, umekaa kitandani, hujui mtu, umeme umekatika, na saa za huku ziko nyuma ya nyumbani kwa lisaa limoja kwahiyo ukichelewa kidogo kumpigia mama unakuta ameshalala. Hapo ndo mtu anaanza kufungasha mabegi kichwani.

Tuanze na safari. Mimi nilipita Tunduma, nikavuka Nakonde, Kapiri Mposhi, Chingola, Chililabombwe mpaka Kasumbalesa. Pale mpakani malori yamepanga foleni huoni mwisho, na madereva wengi wa kwetu, utasikia Kiswahili cha Dar hadi unajisahau. Ukishavuka magari yanahamia kulia. Kutoka hapo mjini ni kama kilomita 90 hivi. Sasa kuna kitu hakuna aliyeniambia na ninyi nawaambia: gari nyingi huku zinaingilia upande wa kusini, usukani uko kulia wakati barabara ni ya kulia, kwahiyo baadhi ya zile busi ndogo mlango unafungukia katikati ya barabara. Unashuka unakutana na gari inakuja. Wiki ya kwanza nusura nigongwe mara mbili. Angalieni hilo jamani, msidharau.

Kingine, dola. Huku dola na faranga zinatembea pamoja sokoni, lakini noti ya dola ikiwa imechanika kidogo tu, hata kipande cha ukucha, hakuna atakayeipokea. Mimi nilikuja na noti ya 50 ina mchaniko mdogo pembeni, nikakaa nayo miezi. Kagueni kabla hamjatoka.

Darasani sasa. Wanafunzi wa sekondari wanakuita "Prof". Siku ya kwanza niligeuka nyuma kuangalia nani ameingia, kwetu profesa ni mtu wa chuo kikuu, huku mwalimu yeyote wa sekondari ni prof. Watoto wana heshima, wanasimama ukiingia. Makosa yao nayo yana njia zake. Mtoto anakwambia "I have sixteen years", na ukimrekebisha anakuangalia kama umemuonea, maana Kifaransa kinasema ana miaka, Kiswahili kinasema ana miaka, lugha zake mbili zote zinamwambia yuko sahihi. Watu wazima wao tatizo lao kubwa ni neno "actually", Kifaransa wana linalofanana nalo lakini maana yake ni "sasa hivi", basi declarant wa mpakani, yaani wakala wa kutoa mizigo forodhani, anaandika barua ya kuomba kazi kwamba "actually I work at Kasumbalesa" akimaanisha kwa sasa yuko huko. Nimeshalikuta kwenye barua sijui ngapi.

Wale watu wazima ndio darasa ninalolipenda. Wanakuja wamechoka, mmoja ametoka mgodini, mwingine nesi, wengine wa kuclear mizigo, wanataka Kiingereza sababu Zambia iko hapo tu na kampuni za madini zinaandika mengi kwa Kiingereza. Hao huna haja ya kuwabembeleza wasome.

Ngoja nipumzike nije na ya jioni. Naendelea.

Dereva Tunduma

Naweka kiti hapa mkuu. Kasumbalesa napita kila mwezi, nimelala pale foleni siku tano mara nyingi tu ila Lubumbashi yenyewe naiona kwa dirisha. Endelea.

Ticha wa Lushi

Nimerudi.

Nyumba nilipata chumba ndani ya uwanja wa familia moja, huku uwanja wa namna hiyo wanaita lupango. Familia tano, bomba moja, mwembe mmoja, vyoo viwili. Mwenye lupango ni mama mmoja mtu mzima, nitamwita Mama tu. Mwezi wa kwanza alikuwa kila jioni anatuma mtoto na sahani: bukari, yaani ugali, na sombe ambayo sisi tunaita kisamvu, au lengalenga, na vidagaa wanaviita ndakala. Mimi nikila nasema asante narudi ndani.

Sasa nikafanya jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Mama alikuwa anaongea na wajukuu wake pale bombani, "batoto, kuyeni mukule", na mimi na ualimu wangu nikasema Mama, hatusemi "batoto", ni "watoto", na sio "kuyeni mukule" ni "njooni mle". Nilidhani namsaidia, wallahi. Mwalimu wa Kiswahili kutoka Tanzania, nani anajua zaidi yangu. Mama akanyamaza. Watoto wakanyamaza. Akachota maji yake akaondoka. Kuanzia siku ile sahani haikuja, na hakuna mtu aliyenigombeza wala kuninunia, salamu wananipa, ila mazungumzo nikifika pale chini ya mwembe yanageuka Kifaransa. Wiki tatu. Kifaransa changu kipindi hicho kilikuwa bonjour na mersi.

Wakuu, zile wiki tatu ndo nilielewa wale wanne walirudi kwanini.

Kilichonitoa ni msiba. Shemeji yake Mama alifariki, wakaweka kilio palepale lupango, viti vya plastiki vimepangwa, moto umewashwa katikati, wanaume wanakesha. Ilikuwa mwezi wa sita na mwezi wa sita Lubumbashi ni baridi msifanye mchezo, mji uko juu kama mita 1,200, usiku unavaa sweta mbili, wenyewe wanasema mashika. Nikatoka na blanketi langu nikakaa. Sikusema kitu. Nikakesha usiku wa kwanza, wa pili, asubuhi naoga maji ya baridi naenda shule. Usiku wa tatu saa nane hivi Mama akapita na kikombe cha chai ya tangawizi akanishikisha mkononi, akasema "Kunywa, mutoto yangu, mashika itakuua." Nikasema "aksanti Mama". Aksanti, hivyo hivyo kama wanavyosema wao. Akasimama kidogo, akaniwekea mkono begani, akaendelea na wengine.

Tangu hapo sijamsahihisha mtu Kiswahili chake.

Mwana Katuba

Prof, nasoma hii yako nasikia mutima. Karibu sana pa Lubumbashi. Miye ni mutoto ya Katuba, nilizaliwa huku. Njo vile unasema, batu ba Tanzania bakikuya banaanza kutuchekelea juu ya Kiswahili yetu, banasema ni ya kuharibika. Haiko ya kuharibika. Nkambo yangu alitokaka Kasai akakuya kutumika ku Union Minière, kampuni ya migodi ya zamani, bibi yake alikuwa Mubemba, mu kambi ya bafanyakazi kulikuwaka Baluba, Babemba, batu ba Rwanda, kila kabila, sasa bangesikilizana na luga gani? Njo hii. Bamama babo babo njo baliitengeneza, ku bomba, ku soko, mu kambi. Shiye hatukuisomaka mu buku, tuliinyonya. Ukiambia mutu hii haiko luga, unamuambia mama yake hakusemaka kitu.

Alafu unapashwa kuambia bandugu bako: hapa bongo ni kusema uongo. Basiseme "natoka Bongo".

Ticha wa Lushi

Mwana Katuba aksanti sana kaka, umesema vizuri kuliko mimi. Na hiyo ya Bongo ilinikuta hasa. Mzee mmoja aliniuliza natoka wapi nikajibu "Bongo", akanitazama muda mrefu akauliza tena, nikarudia palepale, akaondoka. Nilikuja kuelewa baadaye sana.

Na hicho Kiswahili cha kambi nimeanza kukitumia darasani. Mnajua ule wakati wa Kiingereza wa jambo lililokwisha lakini bado linagusa sasa, unaowatesa wanafunzi wote? Kifaransa hakiwasaidii, kwao "nilikula" na "nimekula" mara nyingi ni sentensi ileile moja. Nilihangaika nao muhula mzima. Siku moja mwanafunzi amechelewa, mwenzake anamuuliza kama amekula, anajibu "nilisha kula". Nikaacha chaki. Nikawaambia hicho hicho, hiyo "nilisha" yenu ndo tunayoitafuta, mnayo tangu mmezaliwa. Darasa likaamka. Yaani Kiswahili cha bombani kimenifundishia Kiingereza kuliko kitabu chochote nilichobeba.

Dereva Tunduma

Hapo nimesisimka mkuu. Sasa tuambie starehe, jioni na wikiendi mnafanyaje? Na Mazembe umeiona au bado?

Ticha wa Lushi

Dereva umenigusa penyewe. Mazembe nimeiona mara nyingi tu, uwanja uko Kamalondo, nyasi za bandia, ulifunguliwa 2011. Na Mtanzania ukiingia pale unabebwa. Ukisema tu unatoka Tanzania mtu anajibu "Samatta!" Alikuja hapa 2011 kutoka Simba, akakaa mpaka Januari 2016 alipoenda Genk, na katikati hapo kuna 2015, ubingwa wa Afrika, fainali na USM Alger, akafunga. Thomas Ulimwengu naye alikuwepo. Sasa wewe fikiria uko nchi ya watu, mwaka wa kwanza, unahisi wewe si kitu, halafu jirani yako wa jukwaani, mzee wa miaka sitini amevaa nyeusi na nyeupe, anakushika mkono hakuachii anakusimulia bao la Mtanzania mwenzako kama mtoto wake wa kuzaa. Mimi machozi yalinilenga, sioni aibu kusema. Halafu watakusimulia 2010, walivyowatoa Internacional ya Brazil na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya dunia ya vilabu, wakafungwa 3 na Inter Milan, na kipa Kidiaba alivyokuwa anashangilia anaruka kwa makalio. Wanaenda nawe hadi 1967 na 1968, walipochukua ubingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, ukiwaachia. Ila angalieni na Lupopo wapo, njano na bluu, timu ya watu wa reli, na lupango letu limegawanyika nusu kwa nusu, siku ya dabi Mama anafunga redio.

Jioni za kawaida ni drafti. Chini ya mwembe kuna ubao umechorwa kwa mkaa juu ya kipande cha mlango wa zamani, kete ni visoda, wa upande mmoja anachukua visoda vya Simba na mwingine vya Tembo. Hizo ni bia za huku, maana Mtanzania ukisikia mtu anasema nipe Simba unadhani ni jezi. Pale hakuna prof. Fundi baiskeli ananifunga michezo mitano mfululizo na watoto wanahesabu kwa sauti. Na nimeambiwa sheria moja, ukifungwa mara tatu unanunua karanga za wote. Nimenunua karanga nyingi sana mwaka huu.

Ijumaa tukipata hela ni michopo. Hiyo ni mbuzi ya kuchoma, jamaa anakata vipande vidogo vidogo juu ya gogo, anarudisha motoni, anachanganya vitunguu vibichi na pilipili na chumvi, anakumwagia kwenye karatasi ya kaki, unakula na bukari ya moto umesimama. Mafuta yanatoboa karatasi yanakuja mpaka kwenye kiwiko. Msimu wa mvua kuna uyoga, wanaita bowa, mwingine unakaribia ukubwa wa mwavuli wa mtoto, akinamama wanapanga barabarani, huo ukipikwa na karanga hutaulizia nyama.

Lakini jioni ninazozipenda kuliko zote ni za mzee wa chumba cha mwisho. Alikuwa mtu wa reli, amestaafu. Ana gitaa kavu lina nyuzi tano, ya sita ilikatika akasema haihitaji. Anapiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, gumba linashika besi linatembea lenyewe, na kile kingine kinaimba juu. Anasema ndivyo walivyokuwa wanapiga vijana wa Katanga wa zamani, watu wa Mwenda Jean Bosco, yule ambaye Hugh Tracey, mzungu aliyekuwa anazunguka Afrika kurekodi muziki, alimkuta Jadotville mwaka 1952 akamrekodi, Jadotville ndiyo Likasi ya leo. Na alikuwa anaimba Kiswahili, Kiswahili hiki hiki. Mzee hapigi kwa ajili ya mtu. Umeme ukikatika, lupango lote likaingia giza, ndo unasikia anatafuta sauti ya uzi, kimya, anatafuta tena, halafu inaanza. Watoto wanaacha kelele. Mimi natoa kiti changu taratibu nakaa mlangoni kwake nasikiliza. Kuna usiku nilikuwa na daftari arobaini za kusahihisha na mshumaa, nikasahihisha zote pale nje huku anapiga.

Jumapili misa ya Kiswahili, kwaya huku msiulize, na mchana naenda bustani ya wanyama au natembea tu mjini kuangalia lile bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na kilima cheusi cha mabaki ya madini yaliyoyeyushwa pembeni yake, unakiona toka mbali. Mwezi wa tisa na wa kumi mijakaranda inatoa maua, barabara zinakuwa zambarau juu na vumbi jekundu chini.

Dada wa Mwanza

Samahani kaka nimechelewa uzi. Mimi mwalimu wa Kiingereza pia, mwanamke, sijaolewa, nimeitwa usaili na shule ya huko kwa ajili ya mwaka mpya wa masomo. Naomba unijibu kwa ukweli. Je nitaweza kuishi peke yangu? Na Kifaransa sijui hata neno.

Ticha wa Lushi

Dada yangu karibu, nitajibu kwa ukweli.

Kifaransa anza leo. Darasani utakiepuka lakini vikao vya walimu ni Kifaransa, ripoti za wanafunzi ni Kifaransa, karatasi za uhamiaji ni Kifaransa. Mimi nimejifunza kwa kubadilishana, yule nesi wa darasa la jioni namsaidia Kiingereza nusu saa ya ziada, yeye ananipa nusu saa ya Kifaransa, bure kwa bure. Miezi minane nikawa naongea kwenye kikao.

Mkataba usome mpaka mwisho na uulize malipo ni ya miezi 12 au 10, mimi sikuuliza, likizo ndefu nikakuta silipwi, nikaishi kwa masomo ya watu wazima tu. Nyumba wanaomba dhamana ya miezi kadhaa kwa mkupuo, hiyo hela uje nayo.

Kuishi peke yako, nisikudanganye kwamba ni rahisi. Chumba cha peke yake chenye geti na mlinzi ambacho shule nyingi watakupa kitaonekana kizuri kwa macho, na Mtanzania mwenzangu aliyerudi ndipo alipokuwa anakaa. Hakuwahi kuibiwa hata sindano. Hakuwahi pia kuitwa kula. Mimi ningekuwa wewe ningetafuta lupango lenye mama. Usiku usitembee peke yako, hilo hata wenyewe hawafanyi.

Mwana Katuba

Dada, usiogope. Kuya. Lakini kama mwenye lupango anakuita ku kilio, enda, hata kama huyu mufu haumujue. Na ukifika asubui salimia batu bote mbele ya kupita ku bomba.

Dada wa Mwanza

Asanteni sana wote. Kaka Ticha, kwa huyo Mama kuna nafasi? Naomba tu umuulizie.

Ticha wa Lushi

Nimetoka kumuuliza sasa hivi, yuko jikoni anasonga. Hakuuliza dini wala kabila. Ameuliza kama unakula sombe, nikasema watu wa Mwanza ni samaki zaidi ila utakula. Akafikiria. Kasema hivi, naandika kama alivyosema: "Chumba ya ule kijana aliendaka Likasi itakuwa wazi mwezi ya munane. Dirisha yake inapasuka, fundi atakuya. Ambia yee alete blanketi ya nguvu, alafu aniletee na kanga mbili za kwenu, za rangi ya njano."

Za njano, dada. Ni Lupopo huyo.